Siku Niliyofagia Mtihani wa Mjukuu Wangu

Sikutaka mjukuu wangu afanye kazi ya wanyama wa pori. Nasema wazi, sina haja ya kuficha. Msichana amemaliza kidato cha nne, Kiingereza anakijua, halafu anakuja kuniambia anataka kuwa skauti, mlinzi wa hifadhi ya wanyama ya jamii yetu, atembee juani akichunga wanyama ambao hawana mwenyewe.

Nikamwambia, "Mbuzi wetu hapa Biliqo ulikuwa unawakimbia. Leo unataka kuchunga fisi?"

"Akko," akanijibu, maana sisi Waborana nyanya tunamwita hivyo, "hao mbuzi wako hawalipi mshahara."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mtoto ukimchekea amekushinda.

Siku ya kuchagua skauti tulipanda pikapu pamoja mpaka ofisi ya hifadhi, karibu na mto, nje kidogo ya Merti. Nilisema nimekuja kumshikia makaratasi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwaona kwa macho yangu hao watu wanaotaka kumchukua. Nafasi zilikuwa nne, na vijana waliojaa pale mlangoni sikuweza kuwahesabu. Mjukuu akaenda kuandikisha jina. Mimi nikazunguka nyuma ya ofisi kutafuta mahali pa kuchemsha chai.

Huko nyuma kuna birika la maji la saruji. Mbele yake uwanja wa mchanga ulikuwa umekanyagwakanyagwa, mavi kila mahali, na vijiti vidogo vimechomekwa hapa na pale kama mchezo wa watoto. Nikashangaa. Wageni wote hawa wanakuja na uwanja uko hivi? Kwetu mwanamke hawezi kuona uchafu kama huo mbele ya wageni akakaa tu. Nikavunja tawi la mti wa mswaki, nikafagia pale pote mpaka pakalainika kama kitanda. Mavi nikayapiga lundo kando. Vijiti nikavikusanya nikawashia moto.

Chai ilikuwa inaanza kuchemka afisa alipotokea na vijana wote nyuma yake. Ni mtu wa kutoka milimani, mrefu, ana daftari. Akasimama. Akaangalia mchanga, akaniangalia mimi, akaangalia mchanga tena.

"Nani amefagia mtihani?"

"Mtihani gani?" nikamuuliza. "Mimi nimefagia mavi."

Kumbe wanyama hunywa pale kabla ya mapambazuko. Yeye alikuwa amechagua nyayo zao, akachomeka kijiti kwenye kila moja, ili vijana waseme huyu ni nani, alikuwa anaenda wapi, alipita saa ngapi. Vijiti vyake vilikuwa chini ya sufuria yangu.

Vijana wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Mjukuu wangu hakucheka. Alinijia karibu, akasema kwa Kiborana, polepole, "Akko, umefanya makusudi. Hukutaka nipate." Machozi yalikuwa yamefika.

Nilimkataza mimi, nikafuatana naye mimi, nikafagia mimi. Hata mimi ningekuwa hakimu ningejifunga.

Afisa akafunga daftari. "Basi, turudi kesho kutwa."

"Hapana," mjukuu wangu akasema. Akafuta macho kwa ukingo wa mtandio. "Afisa, hao wanyama hawakushuka kutoka mbinguni hapa birikani. Walitoka mahali na wakaenda mahali. Nyanya yangu amefagia hapa tu. Huko nje hajafika."

"Na angefika kama chai ingechelewa," kijana mmoja akasema. Hata afisa akacheka. Akawatuma vichakani, kila mmoja na skauti mzee wa kumwangalia.

Mimi na afisa tukabaki na chai. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Huyu mtoto atapewa bunduki apambane na majangili?"

"Wachache tu wanashika bunduki, nyanya. Wengine wanahesabu punda milia. Wengine wanaotesha miche ya miti. Akisoma zaidi anaweza kutibu wanyama, au kuwa afisa wa misitu."

"Msitu gani? Mimi hapa naona miiba."

"Hiyo miiba ndiyo msitu wenu. Ikikatwa yote kwa makaa, mto unakauka na ng'ombe hawana kivuli. Tunapanga pia malisho yapi yapumzike mvua ikinyesha, yafunguliwe kiangazi."

Hapo nilimkatiza. "Hiyo wazee wetu wa malisho wamefanya tangu mama yangu hajazaliwa. Nyinyi mmeongeza daftari tu."

"Kweli," akasema, akaomba kikombe kingine. Nikaona ni mtu mwenye adabu.

Vijana walirudi jua limepanda. Skauti aliyefuatana na mjukuu wangu alieleza mbele ya wote: msichana ameona nyayo za punda milia jike na mtoto wake, na unyayo wa fisi juu ya wa mtoto. Msichana akamwambia kwamba fisi alipita nyuma yao, kisha akageuka kwa sababu jike alisimama akamkabili. Akamwonyesha pale kwato zilipochimba. Majina yakasomwa, lake likawa la pili. Kazi ataanza na kuhesabu punda milia.

Tulirudi kwa pikapu. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza, "Akko, niambie ukweli. Ulifanya makusudi?"

"Ningetaka kukuzuia," nikamwambia, "ningeficha viatu vyako. Nimefagia kwa sababu palikuwa pachafu."

Aliniangalia sana, kama anavyoangalia nyayo. Halafu akaegemeza kichwa begani kwangu akalala, na kizito kile kichwa. Sikumwondoa mpaka tukafika.