Malkia wa Newala Asiye na Kinyago

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo miguu inaanza kucheza yenyewe chini ya kiti, na mke wangu ananiuliza kama nimeingiliwa na siafu. Sijaingiliwa na siafu. Nimekumbuka siku nilipokuwa malkia.

Usicheke kwanza. Nitakwambia ucheke wapi.

Mwezi huu siku hiyo hainiachi, kwa sababu shuleni kwenu mmepewa tamthilia ya yule mtunzi wa Kiingereza wa kale, na mjukuu wangu Somoe, mwenzako wa darasa, aliyepewa nafasi ya mfalme, hakai akatulia. Anataka mchezo urekodiwe kwa simu darasani, milango imefungwa, kisha wazazi waoneshwe picha yake ukutani. "Babu, mimi siwezi kusimama mbele ya watu wa Newala," ameniambia. "Unawajua wewe!" Nawajua. Sijawahi kuishi na watu wengine. Safari zangu ndefu ni za kuteremka Masasi. Mara moja nilifika mpaka Nanganga, nikaona dunia imetosha, nikaulizia gari la kurudi.

Basi, nilikuwa kidato cha pili, shule ya wavulana watupu. Mwalimu wetu, Mwalimu Bernadi, mtu mwembamba asiyejua kukaa kitini, aliingia na tamthilia ya mtunzi huyohuyo, imefasiriwa kwa Kiswahili. Tukaguna. Tulidhani ni mambo ya watu wenye kola za kukunjwakunjwa wanaoongea polepole. Mwalimu akatutoa nje, akachora duara kubwa mchangani kwa fimbo ambayo siku nyingine ilikuwa na kazi nyingine.

"Ukumbi wao ulikuwa hivi," akasema. "Katikati hauna paa. Wenye nacho wanakaa pembeni, juu. Wengine wote wamesimama hapa chini, jua linawapiga, wanatafuna njugu, na mchezaji akiwachosha wanamzomea. Taa hakuna. Mchezaji akisema usiku umeingia, umeingia, na nyote mnauona usiku mchana kweupe."

"Mwalimu, hiyo si Newala hiyo?" akauliza mmoja nyuma.

"Ndiyo nataka mjue. Ila kule wanawake hawakuruhusiwa jukwaani. Malkia alikuwa mvulana ambaye sauti yake bado nyembamba." Akazungusha macho. Darasa zima nalo likazungusha macho, na yote yakatua kwangu.

Malkia yule alikuwa na kazi moja kubwa, kusimama peke yake mbele ya umma na kumtaja aliyemuua mumewe. Maneno niliyashika upesi, tena yalinipendeza kuliko nilivyokubali kusema. Tatizo lilikuwa uso wangu. Nilishatoka jando, nilishaambiwa mimi ni mwanaume. Sasa nijifunge kanga mbele ya mama, mbele ya mashangazi, mbele ya foleni nzima ya maji? Na foleni yenyewe ilishaanza kunitania. Nikifika na ndoo wananipisha: "Sogeeni jamani, mama mjamzito huyo!" Nikawa situlii. Nikikaa kula nasimama. Nikienda shamba narudia njiani, nimesahau jembe, na nikirudi na jembe nimesahau shamba.

Ndipo likanijia wazo ambalo lingemjia mtoto wa huku tu. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyechonga na kutunza vinyago vya mapiko. Hiyo ni ngoma yetu ambayo mchezaji, lipiko, anafunikwa nguo mwili mzima, kinyago usoni, na wanawake na watoto wanamkimbia kama mtu aliyerudi kutoka kwa wafu. Mama anaweza kuwa anaijua vizuri miguu ya mwanawe, lakini anakimbia. Ya ndani siyasemi. Nikaona nikiazima kile kinyago chenye sura ya mwanamke, malkia atakuwepo na mimi nitakuwa sipo.

Nilimkuta mjomba kwenye mikorosho, ndiyo kwanza amezima mashine ya kupuliza dawa, uso umejaa salfa, wa manjano mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi au kuomba?"

"Kuomba."

"Afadhali umesema. Wenzako wanasingizia kazi."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akijifuta, na kadiri alivyojifuta ndivyo uso ulivyozidi kukasirika.

"Unataka kucheza?" akauliza.

"Hapana, mjomba. Nataka kusema. Maneno ya malkia."

"Ndani ya kinyago changu? Lini umesikia lipiko anahutubia?"

Nikainama kuokota majani makavu.

"Si nakuuliza wewe, msomi. Mama yako atakuwepo. Ukifungua mdomo atakujua kabla hujamaliza neno la kwanza. Afanyeje? Akibaki amekaa, anakusikiliza mwanawe, umeivunja ngoma ya wajomba zako wote mbele ya watu. Akikimbia kama alivyofundishwa, hatasikia hata chembe ya huyo malkia wako. Umemwachia lipi?"

Kwetu neno la mjomba halina rufaa, lakini hili lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli.

"Halafu unaogopa kanga," akaendelea, sasa sauti imeshuka. "Mwanaume mzima anacheza mwanamke mwenye tumbo la mimba lililochongwa kwa mti, kijiji kizima kinatetemeka, wewe unaogopa kipande cha kitambaa. Anayevaa kinyago hafichi aibu yake, mpwa wangu. Anawaletea watu mgeni. Wewe unataka kujificha. Kama ni kujificha, jifiche, unyamaze. Kama ni kusema, leta uso."

Akawasha mashine. Nikaondoka na salfa puani, nimepiga chafya mpaka nyumbani. Mama nilimwomba kanga yake, akanitazama kidogo, akaniambia nichague ile isiyo na maneno ya kuwachokoza majirani.

Siku ya mchezo jua lilikuwa kali, na watu walisimama kulizunguka duara kama Mwalimu Bernadi alivyosema, wanatafuna korosho badala ya njugu. Nilipotoka, kicheko kilipanda mpaka nikahisi kanga inafunguka. Haikufunguka, mama aliifunga mwenyewe. Magoti yangu yalikuwa yanabishana. Akatokea mmoja kwenye kundi, sauti ya kilevi:

"Shikamoo, malkia!"

Wakaangua kicheko. Nikaliona lango la shule lilipo, nikapima mbio zangu. Kisha nikamgeukia yule bwana, uso mtupu.

"Marahaba," nikamwambia. "Na wewe ulikuwa wapi wakati mume wangu anauawa?"

Hayo hayakuandikwa. Mwalimu Bernadi alishika kichwa. Lakini uwanja ulinyamaza ghafla, yule bwana akatazama chini kama aliyeshtakiwa kweli, na ndani ya ukimya ule nikaanza hotuba yangu. Niliisema yote. Sijui ni lini niliacha kutetemeka, na sina hakika niliacha. Ninachojua ni kwamba nilipomtaja muuaji, watu walimtafuta kwa macho, na mama hakukimbia. Alikaa mpaka mwisho. Nilipomfikia macho yake yalikuwa mekundu, akasema, "Ungepaza sauti. Wa nyuma hawakusikia."

Hapo ndipo pa kucheka, mwanangu.

Sasa nasaha yangu kwako, na umfikishie Somoe, maana naona unatazama mlango. Usimwogope mtunzi yule kwa kuwa ni Mwingereza na ni wa zamani. Aliwaandikia watu waliosimama juani, wenye kelele, wasiosamehe. Ukiwajua watu wa sokoni kwetu umeshawajua wake. Usimsome kimoyomoyo umejikunyata. Simama, mtamke kwa sauti, utembee naye. Wakikucheka, usiwakimbie, wajibu kama yule uliyemvaa angewajibu. Simu ina kazi zake, lakini haitakucheka wala kukuitikia. Na usiombe kwanza moyo utulie. Wangu haujatulia hadi leo, na mchezo uliisha vizuri. Lenye thamani ya kusemwa litasemwa na uso unaoonekana.

Mungu akupe sauti ya kuwafikia wa nyuma. Akushikie magoti, na kanga pia. Na akujalie, katika kila kundi litakalokucheka, mtu mmoja wa kukaa mpaka mwisho. Amina. Nenda, wenzako wanakungoja uwanjani.