Kichupa cha Haradhan na Atomu Zinazorudi

Saa nne asubuhi, Haradhan Pramanik anapuliza kioo kwenye moto wa gesi, mashavu yamemvimba kama ya mtoto aliyeficha pipi. Hamtazami mtu, hata mimi niliyesimama kando yake. Zimebaki siku tisa astaafu, na hiki ni kichupa cha tatu.

Ni mwaka wa thelathini na nne sasa anatengeneza vyombo vya kioo katika taasisi moja ya fizikia hapa Kolkata. Shule aliishia darasa la nane. Akiondoka, hakuna mwingine anayeijua kazi hii.

Kichupa ni cha Dakta Sutapa Lahiri. Anataka kukijaza atomu zilizopangwa kwa mwendo mmoja, aziache zipotezane, kisha azigeuze kwa wimbi moja zirudi kukutana kama mwanzo. Kwenye hesabu za atomu, anasema, wakati hauna mbele wala nyuma.

Siku aliyoelezwa hayo, Haradhan alimaliza chai yake, akakibamiza chini kikombe cha udongo kikavunjika, kama tufanyavyo sote hapa na vikombe hivi vya kutumia mara moja.

"Haya, mama, kirudishe hicho."

Karakana nzima ilicheka, na Sutapa naye.

Kichupa cha kwanza kilipasuka motoni. Cha pili kilipaswa kupoa polepole tanurini kwa muda wa saa kumi na nane. Sutapa, kwa haraka zake, alikitoa zikiwa zimepita saa kumi na moja tu. Kilimpasukia mikononi, akalia. Haradhan alizoa vigae.

"Ningemgombeza nipate nini?" ananiambia. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Cha tatu kinalala tanurini saa zote kumi na nane. Siku tano baadaye tunaitwa maabara. Kwenye skrini mstari wa ishara za atomu unapanda, unashuka, unalala: zimepotezana. Sutapa anapiga wimbi lake. Tunangoja. Pale palipolala, mstari unainuka tena, kilima kidogo tu.

"Zimerudi," anasema Sutapa.

Haradhan anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua tena.

"Na mimi ukinigeuza, nitarudi?"

"Hapana, baba mdogo. Wewe atomu zako ni nyingi mno."

Haradhan anaivaa tena miwani.

"Basi nitakuja na tramu. Kila Jumatatu. Na hilo tanuri usiliguse mpaka nifike."