Rangi ya Bibi Mwanaisha

Mtoto wangu ni mzima sasa, alhamdulillahi, kwa hivyo nawasimulia mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia.

Mimi ni mtu wa Jomvu Kuu, mji wa kale wa Waswahili, na nasaba yetu huisimulia hata kwa asiyeniuliza. Basi mwanangu wa kwanza alipofikisha siku ya tatu, ngozi yake ikageuka manjano kama dhahabu. Nikavimba kwa fahari. “Rangi ya Bibi Mwanaisha imerudi!” nikawatangazia majirani. Huyo ni mamake mama yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Mke wangu, ambaye kwao ni Kaloleni, akasema twende kliniki.

“Kwenu rangi hii hamuijui,” nikamjibu.

Alimbeba mtoto akatoka, nami na mama tukamfuata.

Nesi alimtazama mtoto, akanieleza polepole. “Chembe nyekundu za damu alizotengeneza akiwa tumboni hazidumu kama zetu wakubwa. Akishazaliwa huvunjika kwa wingi, ndipo huja huu umanjano. Wengi hutulia wenyewe, ila huyu lazima tumpime.”

“Sikatai, Sista,” nikasema, kidevu juu. “Lakini na ukoo nao una yake.”

Nesi akafunua jicho la mtoto kwa kidole. Penye weupe palikuwa manjano tupu. “Na macho ya bibi yako yalikuwa hivi?”

Nikamgeukia mama anitolee ushahidi. Mama akakohoa, akaitazama sakafu.

“Wallahi mwanangu, bibi yako alikuwa mweusi ti. Nilikuona umefurahi, nikaona nisikukatize.”