Ratiba ya Nabirye Yairudisha Netiboli Nakaloke

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Gorreti Nabirye amesimama kando ya uwanja wa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, akiwatazama wachezaji wakipasha misuli moto.

"Timu zote mbili zimefika," anasema, kana kwamba bado haamini.

Siku za kazi Nabirye, mwenye miaka thelathini na mmoja, huchapa barua na kutoa nakala katika duka dogo mjini Jinja. Nje ya kazi huratibu ligi ya netiboli ya wanawake, yenye timu nane za Jinja na Mbale.

Msimu uliopita ligi ilivunjika katikati. Timu ya Nakaloke, ambao wengi wao ni Waislamu, walipangiwa mechi saa ya swala ya Ijumaa, tena mara mbili. Wakajitoa.

"Tuliona tumedharauliwa," nahodha wao, Hajarah, alimwambia Nabirye.

Maneno hayo yalimchoma Nabirye, aliyekuwa akipanga ratiba kichwani tu. Ndipo akakumbuka lugha ya kompyuta aliyofundishwa kwenye kozi fupi. Katika lugha hiyo huielekezi mashine hatua kwa hatua. Unaandika masharti tu. Nakaloke wasicheze Ijumaa. Timu ya Wanyange isicheze nyumbani siku ya mnada wa samaki. Kisha programu iitwayo Clingo hutafuta ratiba isiyovunja hata sharti moja.

Mara ya kwanza ilimjibu kwamba ratiba ya namna hiyo haipo.

"Nilikaa nikaitazama," anasimulia. "Kumbe tulikuwa tunagombania kitu kisichowezekana."

Akawa anaondoa sharti moja, anajaribu, analirudisha, hadi akalipata lililokwamisha: timu ya askari magereza wa Jinja haikutaka kusafiri wiki mbili mfululizo. Akamfuata kocha wao, Masaba.

"Afande, sharti lenu na la Nakaloke hayakai pamoja."

"Nani kasema?"

"Nimejaribu yote. Likitoka lenu, kila timu inacheza."

"Basi toa letu. Sisi safari tumezoea. Lakini Hajarah ajue ni sisi tuliompisha."

Nabirye akafuta mstari ule, na ratiba ikatoka papo hapo. Msimu mzima hakuna mechi iliyoahirishwa. Leo ni ya mwisho, na Hajarah mwenyewe ndiye aliyekwenda stendi kuwapokea askari wa Masaba.

Waadventista wa Mbale, ambao hawachezi Jumamosi na hawajawahi kuingia ligi yoyote, wameomba nafasi msimu ujao.

"Waje," anasema Nabirye. "Sharti lao nitaliandika la kwanza."