Beata wa Ormsö na Dirisha la Bibi Gerta

Beata alizaliwa Februari 1902 katika kisiwa cha Ormsö, pwani ya Estonia, miongoni mwa Waswidi walioishi huko tangu enzi za mababu. Uchungu wa mama yake ulikuwa umekaza pale mgeni alipobisha hodi: mwindaji wa sili, wale wanyama wa bahari ya baridi, aliyesombwa na barafu, ndevu zimeganda, hajulikani kwao wapi. Wanawake walitaka kumfukuza. Mama akapaza sauti kitandani, "Mfungulieni! Leo habaki mtu nje!" Mgeni akaingia, na papo hapo mtoto akalia.

Wito wake ulimjia akiwa msichana bado, homa ilipokiingia kisiwa na majirani wakaogopana. Beata aliketi na wagonjwa hadi mwisho. Ormsö, mtu akikata roho, dirisha hufunguliwa mara moja ili roho isizuiwe na kioo. Kazi hiyo ikawa yake, naye aliifanya kwa furaha ya ajabu, kama anayempokea mgeni wa heshima.

Kisha ikaja Agosti 1944. Mizinga ya jeshi la Kisovieti ilinguruma mashariki, na meli ya matanga ilikuwa gatini kuwavusha Waswidi hadi Uswidi. Watu waliwafungulia ng'ombe zizini, wakakimbia na watoto na Biblia zao! Beata na dada yake, Lisbet, walikwisha kupanda. Lakini nyuma alibaki Bibi Gerta, mjane asiyeweza kuinuliwa bila kuzimia, na Beata alikuwa amemwahidi dirisha. Akamwona mama mmoja gatini, kachanga mgongoni, akilia kwamba nafasi zimekwisha. Beata akashuka.

"Panda, mama! Pangu hapo!"

"Beata, una wazimu?" Lisbet alipiga kelele. "Unabaki kwa ajili ya dirisha?"

"Nani mwingine atalifungua? Na langu utalifungua wewe, dada. Niahidi!"

"Nakuahidi, mkaidi we!"

Kamba zikafunguliwa. Bibi Gerta alipomwona mlangoni alifoka, "Mjinga! Ningekufa kimyakimya."

"Wewe, Bibi? Kisiwa kizima kinajua kelele zako."

Ukungu mzito uliifunika meli hadi ng'ambo, wala hakuna ndege ya vita iliyoiona; waliokuwemo wanauita ukungu wa Beata. Bibi Gerta alifariki theluji ilipoanza, dirisha wazi. Mpaka ukafungwa, na dada hao hawakuonana tena. Beata aliendelea kuwafungulia dirisha wafu wa kisiwa, wageni na wenyeji, hadi alipofariki Januari 1961. Kachanga kale kamekuwa mtu mzima mwenye watoto, na hakuna mgeni anayegeuzwa mlangoni pake. Sisi nasi tuombe moyo wa namna hiyo.

Habari za kifo zilimfikia Lisbet huko Uswidi akiwa kitandani, mapafu mabovu, daktari amemkataza baridi kabisa. Aliinuka.

"Shangazi, utajiua!" mpwa wa mumewe alimshika mkono.

"Basi nishike vizuri, nisianguke."

Dirisha lilikuwa limeganda. Akaligonga kwa ngumi mpaka likaachia, na theluji ikaingia chumbani.