Picha ya Patsy kwenye Ukuta wa Gereji

Verna Hoekstra ndiye aliyemfundisha Patsy Lundquist kucheza pikoboli, ule mchezo wa kupiga mpira wa plastiki kwa kibao juu ya wavu, na hilo ndilo lililokuwa likimla roho. Alimwonyesha namna ya kushika kibao na namna ya kuanzisha mpira, akampa na kibao chake cha zamani. Sasa Patsy alikuwa anacheza kwenye viwanja vya kivulini na walio bora, na Verna kabaki juani na sisi wengine, upande wa maegesho.

Katika mtaa wetu wa wastaafu hapa Arizona hakuna bango linalokukataza kucheza kivulini. Unaweka kibao chako kwenye rafu, unasubiri zamu yako. Lakini kama hujapimwa ukapewa daraja la juu, ukirudi kutoka kunywa maji utakikuta kimehamishiwa rafu ya juani, na watu wote wanaangalia pembeni. Verna alifanyiwa hivyo msimu uliopita, Patsy akiwepo.

“Jaribu tena mwakani, kipenzi,” Patsy alimwambia, kwa ile sauti yake ya asali.

Verna hakulala.

Mimi ni Maxine, jirani yao, na wivu haujawahi kuwa ugonjwa wangu. Nacheza kwa ajili ya magoti na umbea. Nilikuwa mwenzake Verna uwanjani, tukishindwa pamoja kwa raha zetu, kisha tunakaa kwenye kigari changu cha gofu tunakula saladi ya viazi na kuwasengenya watu wa kivulini.

Tatizo la Verna lilijulikana. Aliendesha basi la shule kule Michigan maisha yake yote, na mikono ile ilizoea kazi ngumu. Mpira alikuwa akiuponda. Juani kuponda kunatosha. Kivulini wanakurudishia mpira polepole, unadondokea jikoni, yaani ule ukanda wa karibu na wavu ambamo ni mwiko kuupiga mpira kabla haujadunda. Basi wote wanne mnasimama kwenye mstari wa jiko na kubembelezana kwa vipigo vidogo vidogo mpaka mmoja aishiwe na subira. Verna aliweza kubembelezana na mtu yeyote isipokuwa Patsy. Akimwona tu ng'ambo ya wavu, damu inamchemka, anaponda, na mpira unaishia uzioni.

Siku moja nilikuta gereji ya Verna iko wazi. Verna alikuwa amechora mstari wa wavu ukutani, anapiga mpira juu yake taratibu, tok, tok, tok. Juu ya mstari, usawa wa macho, alikuwa amebandika picha ya Patsy akiwa na kikombe cha ubingwa, imekatwa kutoka jarida la mtaa.

“Verna, mama, umerogwa?”

“Nyamaza, Maxine. Nikiweza kumtazama huyu bila kuponda, nimefaulu.”

Gordon, mumewe, alichungulia kutoka mlango wa nyumba akiwa na chai ya barafu. “Kila asubuhi anamsalimia Patsy kabla yangu,” akasema. “Mimi mwenyewe sijawahi kutazamwa hivyo.”

“Nani akutazame na hayo makaptula?” Verna akamjibu, jicho halijatoka ukutani.

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Majira ya baridi yote alifanya hivyo. Siku za mwanzo picha ilipata kipigo usoni mara kwa mara, hadi pua ya Patsy ikachanika. Baadaye mpira ukaanza kupita juu ya mstari kwa upole, na pua haikuguswa tena.

Siku ya kupimwa, wapimaji wawili walikaa na miwani yao ya jua, wakauliza nani wa kivulini atacheza dhidi ya Verna. Patsy akaruka kabla swali halijaisha. “Mimi. Namjua vizuri.” Alitaka kumwona akiponda, wala hakuficha.

Mechi ya wao wawili tu ilikwenda sako kwa bako mpaka pointi ya mwisho. Verna akaudondosha mpira jikoni, laini, akasogea mstarini. Patsy akaurudisha. Verna akaurudisha. Walibembelezana hivyo, macho kwa macho, mpaka waliokuwa viwanja vya jirani wakaacha kucheza. Uso wa Verna ulikuwa mtulivu kabisa, na mimi nilijua kwa nini: sura ile alikuwa ameitazama majira mazima. Patsy hakuwahi kufanya mazoezi ya kuutazama uso wa Verna. Nilimwona shingo inamwiva. Mara akaponda, kwa nguvu zake zote, kifuani kwa Verna. Verna akajikunja, mpira ukampita ukagonga uzio.

“Nje,” Patsy mwenyewe akasema, maana kwetu kila mtu hukiri kosa lake. Akagonganisha kibao na Verna bila kumwita kipenzi.

Wapimaji walipompa Verna daraja la juu, nilipiga kelele kuliko Gordon. Nililia, kweli.

Kesho yake nikaenda kivulini na saladi ya viazi, nikaweka kibao changu kwenye rafu yao, nyuma ya cha Verna. Siku moja tu, nilijiambia, tusherehekee. Nikaenda kunywa maji. Nilipogeuka, Verna alikuwa amekishika kibao changu kwa vidole viwili, anakipeleka rafu ya juani.

“Ndiyo taratibu, Maxine,” akasema, akiangalia pembeni. “Jaribu tena mwakani, kipenzi.”

Hata saladi sikumwachia. Nilikula bakuli zima peke yangu kwenye kigari, nikiusikia ule mpira wao unavyobembelezwa kivulini. Yule mwanamke nilimfulia soksi alipovunjika kiwiko!

Wiki hiyohiyo jarida la mtaa likatoka, na ukurasa wa mbele ni Verna, meno yote nje. Nilikata picha yake vizuri, nikainyoosha kingo kwa ukucha. Nyumbani sikuwa na gundi ya karatasi, ikabidi nikamgongee Gordon.

Alinitazama, akaitazama picha mkononi mwangu. Alirudi na gundi, akanipa.

“Usawa wa macho,” akasema.