Nyota Zinazolipuka na Mfuko wa Pili wa Michembe

Kila mwaka, viazi vikishavunwa na michembe kukauka, baba yangu alikuwa anafunga mifuko miwili na kuipakia kwenye basi la Geita. Michembe, kwa asiyeijua, ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikakauka kama kuni. Ukiipika na karanga unasahau shida zako. Mifuko hiyo ilikuwa inakwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kushika kamba juu ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, siku lilipomporomokea baba. "Yule ndiye aliyenitoa," baba alikuwa anasema, na habari iliishia hapo. Ukimuuliza zaidi anakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanywa maji.

Baba alifariki mwaka jana, kitandani kwake Didia, akiwa ametoka kunywa uji. Kwa mtu aliyepitia machimboni hiyo ni bahati kubwa, na sijaacha kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Kwa hiyo mwaka huu zamu ikawa yangu. Mama alitayarisha mifuko miwili kama kawaida na kunisindikiza kituoni. Mimi nina hasira za karibu, na kondakta wa basi lile alinijibu ovyo kuhusu mizigo, basi nikaushusha mfuko mmoja.

"Mzee mmoja, mifuko miwili ya nini?" nilimwambia mama.

"Babako alikuwa anapeleka miwili," alijibu. Yeye mwenyewe hakujua zaidi ya hapo, nami sikusubiri kusikia. Nikaondoka na mmoja.

Mzee anaishi nje kidogo ya mji wa Geita. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye msiba wa baba. Nilimkuta kibarazani asubuhi hiyo akisokota kamba za katani za kufungia ng'ombe. Tangu aache machimbo hajaacha kamba.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mayu. Mwangaluka!" Mwangaluka ni salamu ya asubuhi kwa Kisukuma, na mayu ni mama; wazee wetu humwita hivyo hata binti. Aliutazama mfuko, kisha akatazama njia niliyotoka, kana kwamba kuna mtu nimemwacha nyuma. "Ni huu tu?"

"Ni huu tu."

"Haya. Mungu awabariki."

Nilikereka, sitaficha. Nimetoka Didia na mzigo, halafu naulizwa mwingine uko wapi! Lakini chai ililetwa na mkwewe, chai ya maziwa, nikatulia. Mzee akaniuliza siku hizi nafundisha nini.

Nafundisha fizikia sekondari, Ushirombo. Shule zikifunguliwa nilikuwa naanza mada ya nyota na kidato cha nne, na tangu nipande basi nilikuwa natafuta namna ya kuieleza kwa mtu asiyejua kitu. Nikamwambia nafundisha jinsi nyota zinavyokufa.

"Mimi niliishia darasa la nne," alisema.

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta."

Nikaanza. Nyota, nilimwambia, ni rundo kubwa ajabu la gesi. Uzito wake wenyewe unaikandamiza kutoka kila upande, unataka iporomoke kuelekea katikati. Kinachozuia ni joto la moto ulio katikati, linalosukuma kwenda nje. Vitu hivyo viwili vinashindana miaka mamilioni kwa mamilioni, na wakati wote huo nyota inasimama imara.

Mikono yake ilisimama kusokota. "Kumbe joto ndiyo timba zake."

Timba ni magogo yanayopangwa kwenye kuta za duara ili udongo usiporomoke. Miaka yote ninayofundisha sijawahi kulisema jambo lile vizuri kiasi hicho. Niliiba palepale, na leo ukimuuliza mwanafunzi wangu yeyote kinachoishikilia nyota, atakujibu timba.

"Na timba zikiisha?"

Nikamwambia inategemea. Jua letu ni dogo. Halitalipuka, litakuja kuzimika polepole, na siku hiyo iko mbali sana. ("Tushukuru," alisema.) Lakini nyota kubwa sana inachoma mafuta yake ya kwanza, kisha inachoma majivu ya moto ule, kisha majivu ya majivu, mpaka katikati kunabaki chuma. Chuma ndio mwisho wa kuni. Hakitoi joto la kuubeba ule uzito. Hapo kiini kinaporomoka kwa kufumba na kufumbua, na tabaka za juu zinatupwa nje kwa mlipuko unaoweza kung'aa kuliko mabilioni ya nyota kwa pamoja. Mlipuko huo ndio unaoitwa supanova. Na mabaki yake hayapotei. Chuma cha jembe, chuma cha winchi aliyokuwa anaizungusha kupandisha watu duarani, hata kilichomo kwenye damu yetu, sehemu kubwa kilitawanywa na nyota zilizolipuka kabla dunia haijakuwepo.

"Na dhahabu?" Hakuna mtu wa Geita asiyeuliza hilo.

"Wataalamu wanadhani nyingi ilitokea pale viini viwili vya nyota zilizokufa vilipogongana."

"Kwa hiyo hata huko juu haipatikani mpaka kuwe na msiba," alisema, akacheka peke yake.

Nilikuwa nimenogewa. Nikaingia kwenye shimo jeusi. Kiini kilichobaki kikiwa kizito kupita kiasi, hakuna kitu cha kukizuia tena, kinaendelea kujiporomokea. Watu wanadhani shimo jeusi linanyonya kila kitu kilichoko angani, lakini sivyo. Ukiwa mbali nalo unalizunguka tu kama sayari inavyozunguka jua. Ila lina mpaka. Nje ya mpaka, ukiwa na nguvu ya kutosha unaweza kurudi. Ukishauvuka hurudi, na hata mwanga wenyewe hautoki, ndiyo maana tunaliita jeusi.

"Sasa tuseme mtu anashuka kule na tochi," nilisema. Nilishika ncha moja ya kamba yake, nyingine ikabaki mkononi mwake. "Anaiwasha na kuizima kila sekunde. Sisi tuliobaki juu hatuoni hivyo. Kadiri anavyoukaribia mpaka, mwanga unatufikia kwa kuchelewa zaidi, na unazidi kufifia." Nikaivuta kamba. Nikangoja, nikaivuta tena, kidogo. Nikangoja zaidi, nikaigusa tu.

Mzee aliiachia kamba ikaanguka sakafuni.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema.

Sikumwelewa. Akapangusa viganja kwenye suruali, kisha akanieleza.

"Walikuwa wawili kule chini, mayu. Baba yako na mwenzake, mtu wa Chato. Kuta zilipoanza kudondoka, wenzangu tuliokuwa nao juu wakakimbia, nikabaki mimi. Baba yako ndiye aliyeikamata kamba kwanza. Nikazungusha winchi mpaka akatoka, bega limevunjika. Nikaishusha tena. Ikavutwa mara mbili. Mara mbili maana yake nipandishe. Nikazungusha, ikakwama. Ikavutwa tena mara mbili. Halafu kimya kirefu. Halafu mara moja, kama kuku anavyodonoa. Halafu ikaguswa tu, vile ulivyofanya wewe. Nilipoitoa ilikuwa tupu."

Hakulia. Aliniambia kwamba hajui kama alivuta haraka mno, kabla yule mtu hajajifunga, au kama alichelewa kwa kumhangaikia baba. Maswali hayo mawili, alisema, amelala nayo miaka mingi kuliko aliyolala na marehemu mke wake.

"Mfuko wa pili ni wa mjane wake," akaongeza. "Yuko Chato, anaanika dagaa. Baba yako anaufunga, mimi naupandisha basi naupeleka. Hatujawahi kulizungumza, mimi na baba yako. Mifuko inafika, basi."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Kumbe baba, niliyemwona kila siku, alikuwa na deni la shukrani upande mmoja na msiba upande wa pili, na vyote viwili alivisema kwa viazi. Nami nikauacha mfuko kituoni kwa ajili ya maneno ya kondakta! Wiki iliyofuata niliufuata Didia na kuupeleka Chato kwa mikono yangu, na kazi hiyo nimeichukua kwa miaka yote Mungu atakayonijalia. Lakini siku ile pale kibarazani sikuwa na la kufanya zaidi ya kuomba radhi, nikaomba.

Mzee alipunga mkono kuonyesha hilo si kitu. Alikuwa na lake.

"Mwalimu," alisema, na hapo ndipo aliponiita hivyo mara ya kwanza. "Huo mpaka. Yule alikuwa ameshauvuka?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja, na nina hakika angeniamini, akalala usingizi wake. Lakini alikuwa ameniuliza kama mwalimu.

"Sijui, baba mkubwa. Ule mpaka hauna alama. Hata anayeuvuka haoni kitu cha kumwambia kwamba amevuka. Sembuse aliye juu. Wa juu anachoweza ni kuvuta tu, na wewe ulivuta."

Alitikisa kichwa taratibu kukubali, lakini nilimwona wazi kwamba halikumtosha. Fizikia yangu iliishia hapo. Kilichobaki kilikuwa shukrani, na hiyo sikuwa nimeiandalia somo.

"Siku ile ulipomtoa, baba alikuwa ndiyo kwanza ameoa," nilisema. "Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Kisha wadogo zangu watatu."

Mzee aliinua kiganja. Nikamwona anahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza, mimi, kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Akainama akaiokota kamba yake sakafuni. Akaanza kucheka, kwanza kimyakimya, kisha kwa sauti, mpaka akakohoa na macho yakamtoka machozi.

"Kumbe!" alisema. "Ndiyo maana baba yako alikuwa mzito vile kwenye kamba."